Maji Kufika Shinani

Msafiri atokaye Mjini Unguja kwa gari ya shamba, akaupita msitu wa Jozani na kima punju wake, kisha akashuka Paje saa ambayo bahari imekupwa na mchanga umebaki wazi mpaka karibu na mwamba, ataona vichwa vya watu vya namna mbili. Mbali, katika maji yasiyovuka magoti, wako wanawake wa kijiji walioinama juu ya kamba za mwani, na vichwa vyao vimefungwa mitandio, na juu ya mitandio baadhi yao wametia kofia za ukili, hata hapana aonaye unywele mmoja. Karibu, katika mchanga mkavu, wako wanaume: Wamaasai wenye misokoto mirefu mgongoni, na vijana wa kisiwani wenye dredi zilizobabuka kwa jua na chumvi zikageuka rangi ya makumbi. Wageni huwapiga picha hawa wa pili, huwauliza habari za nywele zao, na mara nyingine huwalipa. Nywele za wanawake ni siri na nywele za wanaume ni bidhaa, na mtu akiishia hapo atadhani ameielewa Paje.

Neno lenyewe halijatulia. Kwa wasusi wa Dar es Salaam, na siku hizi hata kwa wa Unguja, rasta ni nywele za bandia zinazouzwa kwa paketi, na mwanamke asemaye kwamba amesuka rasta huenda hajapata kusikia habari za Haile Selassie wala za Jamaika. Nywele za mtu mwenyewe, zilizoachwa zikasokotana na kushikamana mpaka hazipitishi kitana, hizo ndizo dredi. Basi rasta iliyonunuliwa dukani hukaribishwa afisini, na dredi iliyoota kichwani huulizwa pasi.

Sikuishia hapo pwani kwa sababu ya binti mmoja wa kijiji hicho, ambaye jina lake silitaji, wala silitaji jina la hoteli iliyomkataa. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasema Kiingereza cha kutosha na Kiitaliano alichokiokota kwa watalii, akaomba kazi ya mapokezi. Alijibu maswali yote, akaonyeshwa meza atakayokaa, akapewa sare aijaribu. Na alipokuwa akiijaribu mtandio ukamteleza, na msimamizi akaona kwamba binti huyu amefuga dredi. Akaambiwa, kwa maneno ya adabu, kwamba nywele za namna hiyo si safi, na kwamba akizinyoa kazi ipo. Binti akasema kwamba nywele zake huzifunika kutwa nzima, na hapana mgeni atakayeziona. Akajibiwa kwamba kanuni ni kanuni. Na katika ukuta wa afisi hiyohiyo, kwa hadithi yake mwenyewe, palitundikwa picha kubwa ya kuitangaza hoteli, na ndani ya picha amesimama kijana mwanamume mwenye dredi mpaka mabegani, na ubao wake wa kuteleza juu ya maji umo kwapani, anacheka.

Aliporudi nyumbani alimkuta bibi yake uani anaanika mwani, akamsimulia yote. Bibi huyo si mpenzi wa dredi. Alikwisha kumwambia mjukuu wake mara nyingi kwamba kichwa cha mwanamke husukwa. Walakini aliposikia neno la usafi aliinua uso.

"Mjukuu wangu, hao waliokukataza, wamekuuliza kama maji yanafika?"

"Hawakuuliza, bibi."

"Basi wao wanataka nini?"

Swali hilo halikutoka hewani. Mtoto wa pwani aliyekaa chuoni hufundishwa udhu na josho kabla hajafundishwa mambo mengi mengine, na katika mlango huo wa josho habari ya nywele za wanawake haikosi kutajwa. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim kwamba Ummu Salama, mkewe Mtume, alimwuliza kama inampasa kuufumua msuko wake, naye huukaza sana, anapooga janaba. Akajibiwa kwamba hapana haja, yamtosha kujimiminia kichwani mateko matatu ya maji, kisha ajimwagie mwilini. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya watu wa Unguja walio wengi, wakaifafanua hukumu hiyo na kushurutisha kwamba maji yafike ndani ya msuko: yakifika bila ya kuufumua, msuko na ukae, yasipofika, ufumuliwe. Haikuulizwa kama msuko unapendeza, wala kama ni wa kabila gani, wala kama aliyeusuka ni mtu wa kuaminiwa. Kimeulizwa kitu kimoja chenye sababu, ambacho mtu hukipima kwa ncha ya kidole. Mimi si mwanachuoni, wala sisemi kwamba Ummu Salama alikuwa na dredi. Nasema tu kwamba hapa pana namna ya kutunga kanuni ya nywele, nayo ni kuanza na ile kazi ambayo kanuni imekusudiwa kuifanya, na kukoma pale kazi hiyo inapokoma.

Kanuni zilizopita juu ya vichwa vya watu wa pwani hii, aghalabu, hazikutungwa hivyo. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni mwaka 1844, na ambaye baadaye alihamia Ujerumani akaitwa Emily Ruete, alieleza katika kumbukumbu zake zilizopigwa chapa mwaka 1886 jinsi mtoto wa nyumba yao alivyonyolewa nywele za kwanza siku ya arobaini kwa taratibu maalumu, na jinsi nywele hizo zilivyohifadhiwa zisitupwe ovyo. Pale Mtoni nywele zilikuwa sehemu ya mtu, na mtu sehemu ya nasaba. Nje ya kuta zile walikuwako maelfu ya watu ambao vichwa vyao havikuwa mali yao. Mtumwa wa Unguja wa karne ya 19 alijulikana kabla hajafungua kinywa, kwani kofia na viatu vilikuwa vya waungwana. Na mjakazi alijifunga kaniki au merikani chini ya kwapa, kichwa kiwazi, ilhali bibi yake hakutoka nje ila amejifunika. Kichwa kiwazi hakikuwa uhuru, kama wadhanivyo wengi wa leo. Kilikuwa alama ya kumilikiwa.

Sayyid Hamoud bin Mohammed alitia sahihi amri ya kukomesha utumwa tarehe 6 Aprili 1897, na masuria wakaachwa wasubiri mpaka mwaka 1909. Wanawake waliotoka utumwani hawakungoja kuambiwa wafanye nini na uhuru wao: waliiacha kaniki wakashika kanga, wakajitanda kichwani, na katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 wakashika na buibui, vazi ambalo lilipunguza sana ile tofauti ya bibi na mjakazi, kwa kuwa ndani yake wote walikuwa weusi sawasawa. Wahadimu wa kusini, ambao Paje ni katika vijiji vyao, walikuwa watu huru tangu zamani na taarikhi yao ni nyingine. Lakini kisiwa ni kimoja na macho ya watu ni yaleyale. Kwa hivyo mgeni anayewaona wanawake wa Paje wamefungwa vichwa katikati ya maji ya chumvi, asifanye haraka ya kuwahurumia.

Chini ya nguo, nywele zilikuwa na ulimwengu wao, ambao mwanamume hakuujua ila kwa harufu yake. Msusi aliketi juu ya kigoda na msukwaji juu ya mkeka, mafuta ya nazi yamo kibakulini, chanuo cha mti kiko mkononi, na kikuba cha asumini na mrihani kinangoja jioni. Hapo palikuwa na kicheko, na umbeya mwingi, na machozi ya mtoto anayekazwa ukili kichwani. Palikuwa pia na hukumu, maana lugha yenyewe ilikwisha kuzipanga nywele kwa daraja: zile zilizolala ziliitwa za singa, na binti mwenye nazo akasifiwa mbele ya wachumba, zile zilizojikunja ziliitwa za kipilipili, na neno hilo lilisemwa kwa mkunjo wa mdomo. Waliosemana hivyo walikuwa dada na dada, waliozaliwa tumbo moja.

Ikaja Januari 12, 1964, na pamoja na serikali mpya wakaja walinzi wapya wa vichwa. Umoja wa Vijana wa Afro-Shirazi, uliokuwa chini ya Seif Bakari, ulijitwalia kazi ya kuwachunga vijana wa Unguja wasifuate mitindo ya nje, na katika miaka ya 1960 na 1970 mwenye sketi fupi, mwenye suruali ya bugaluu na mwenye nywele zilizotuna kama kichuguu, wote walikuwa na sababu ya kuangalia nyuma watembeapo barabarani. Bara nako hakukuwa na tofauti kubwa. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwezi wa Oktoba mwaka 1968, ianze kutekelezwa tarehe 1 Januari 1969, na yaliyokatazwa yalikuwa sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana. Na hata kabla ya siku yenyewe kufika wanawake walishambuliwa Kariakoo na vijana waliojiona wametumwa na taifa. Ni vizuri kutazama orodha hiyo kwa makini. Isipokuwa ile suruali, karibu kila kitu kilichomo humo kilikuwa juu ya mwili wa mwanamke, na waliokiandika walikuwa, kwa wingi wao, wanaume. Tena mwanamke aliyevaa wigi aliambiwa amezikimbia nywele zake, na kijana aliyeziacha nywele zake mwenyewe zikaota zilivyotaka aliambiwa muhuni. Kati ya nywele zisizo zako na nywele zilizo zako palibaki njia nyembamba sana ya kupita.

Katika siku hizohizo, mwaka 1967 na 1968, serikali ya mkoa wa Arusha iliwaandama Wamaasai waache shuka zao, ngozi zao na ngeu waliyojipaka, ili nao waonekane watu wa taifa jipya. Kwa Wamaasai mambo ya nywele yako kinyume na ya kwetu: mwanamke hunyoa kichwa, na morani ndiye afugaye nywele ndefu na kuzisokota, mpaka siku ya eunoto mama yake anapomnyoa na ujana wake wa vita ukakoma hapo. Leo wajukuu wa watu walioandamwa Arusha kwa ngeu yao wanalinda milango ya hoteli za Paje, na msokoto wa morani, ambao babu yake aliulizwa kwa sababu yake, umekuwa ndio barua yake ya kazi. Wengi wao hununua nywele za bandia wakaziongeza ili misokoto ifike mgongoni kama mgeni atarajiavyo. Siwalaumu, nyumbani wana ng'ombe na ada za skuli za watoto.

Na Urastafari ulifikaje? Jina lilitangulia: Ras Tafari ni cheo na jina alivyokuwa navyo mfalme wa Uhabeshi kabla ya kutawazwa tarehe 2 Novemba 1930 na kuitwa Haile Selassie, na Mjini Unguja iko skuli ya sekondari iitwayo kwa jina lake hilo la kifalme. Imani yenyewe ilizaliwa Jamaika, na kwetu ililetwa na sahani za santuri na kaseti zaidi kuliko wahubiri. Dar es Salaam ilikuwa na sikio la habari hizo. Mkutano wa sita wa umoja wa Waafrika ulifanyika huko mwezi wa Juni mwaka 1974, na kitabu cha Horace Campbell juu ya Rasta na upinzani kilichapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1985. Lakini kijana wa Paje wa leo mwenye dredi, ukimwuliza habari za Campbell, atakuuliza kama ni mtalii wa wapi.

Walakini dredi za Afrika ya Mashariki hazikungoja meli itoke Jamaika, na hapa yanipasa kuondoka kisiwani kwa kitambo na kupanda mpaka Nyeri. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya Kiingereza ilitangaza hali ya hatari katika Kenya, na watu wa Mau Mau wakaingia katika misitu ya Nyandarua na ya Mlima Kenya. Msituni hakuna kinyozi. Aliyeingia na nywele fupi akakaa miaka bila ya wembe wala kitana, mvua ikimnyea na moshi ukimfukiza, nywele zake zikajifunga zenyewe, kwani ndiyo tabia ya nywele zetu zikiachwa. Na kilichoanza kwa dharura kikawa alama, adui akikiogopa na rafiki akikiheshimu. Kiongozi wao, Dedan Kimathi, alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 alipigwa picha amelazwa na dredi zake zimemzunguka uso, na picha hiyo, iliyokusudiwa kuwaonyesha watu mshenzi aliyeshindwa, ndiyo iliyowafanya wajukuu wamtambue shujaa wao, ambaye alinyongwa tarehe 18 Februari 1957.

Miongoni mwa walioingia msitu huo alikuwamo mwanamke, Muthoni wa Kirima. Wanawake wengi waliisaidia vita ile kwa kubeba chakula, habari na risasi. Muthoni alipigana, akapanda vyeo mpaka akawa Field Marshal, na hapana mwanamke mwingine aliyefika daraja hiyo. Hakutoka msituni kwa kukamatwa wala kwa kujisalimisha. Alitoka mwaka 1963, Kenya ilipopata uhuru, na nywele zake zikatoka pamoja naye. Wenzake walinyoa, wakavaa koti na tai, wengine wakaingia serikalini na wengine wakasahauliwa vijijini. Yeye alizifuga, mwaka baada ya mwaka, akisema kwamba atazikata siku atakapoyaona matunda ya kile walichokipigania. Zilikuwa ndefu za kumfika chini ya kiuno, naye akazifunga kitambaa kama mwanamke yeyote mzee wa Kikuyu aendaye sokoni. Tarehe 2 Aprili 2022, nyumbani kwake Nyeri, akiwa amepindukia miaka 90, alikubali zikatwe, na aliyeshika mkasi alikuwa Mama Ngina Kenyatta, mjane wa Rais wa kwanza. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, Muthoni akafariki dunia.

Nimezikaribia habari hizi mara nyingi, na kila mara linanijia wazo lisilo na adabu: laiti Field Marshal angaliomba kazi ya mapokezi. Wakubwa wa dola waliisimamia siku ya kukatwa nywele zake kama watu wanaosimamia hazina. Na katika mitaa ya Nairobi, miaka mitatu tu nyuma, dredi za mtoto wa kike zilikuwa zimefungiwa mlango wa darasa.

Mwezi wa Januari mwaka 2019 binti aliyepata nafasi ya kidato cha kwanza katika skuli ya serikali mtaani Kibera alirudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele. Baba yake, ambaye ni Rastafari, hakwenda kuomba radhi. Alikwenda Mahakama Kuu. Jaji Chacha Mwita alitoa kwanza amri ya muda, binti arudi darasani kesi ikiendelea, kisha tarehe 13 Septemba 2019 akatoa hukumu kwamba Urastafari ni imani inayolindwa na katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kama zilivyolindwa imani nyingine, na kwamba kumnyima mtoto masomo kwa nywele azifugazo kwa imani yake ni kuivunja haki yake. Huko Malawi Jaji Zione Ntaba wa Mahakama Kuu ya Zomba alihukumu mfano wa hayo tarehe 8 Mei 2023, na skuli zote za serikali zikaamrishwa kuwapokea watoto wa Rastafari na dredi zao.

Niliifurahia hukumu ya Kenya, na ninaifurahia hata sasa. Lakini nilipomfikiria yule binti wa Paje nikaona kwamba ufunguo huo haufungui mlango wake. Yeye ni Mwislamu, anasali sala tano, na dredi zake hazina itikadi ndani yake: alizianza kwa kupenda, na zaidi kwa kuchoka, kwani kusuka kila baada ya wiki mbili kuna gharama, na dawa ya kulainisha nywele ilikwisha kumwunguza ngozi ya kichwa. Je, haki ya nywele ni ya mwenye imani ya nywele peke yake? Hapo ndipo mtu anapolazimika kutazama kwingine.

Afrika ya Kusini walinzi watano wanaume wa gereza la Pollsmoor walifukuzwa kazi mwaka 2007 kwa kukataa kukata dredi, na kesi yao ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Rufaa, ambayo mwaka 2013 iliwapa haki. Baadhi yao walikuwa Rastafari na wengine walizifuga kwa mila za Kixhosa. Lakini lililokuwa zito ni kwamba kanuni ya magereza iliwaruhusu walinzi wanawake kuwa na dredi na ikawakataza wanaume. Serikali ilisema dredi huharibu nidhamu na kumfanya mlinzi atambulikane na wafungwa wavutao bangi. Mahakama ikataka ushahidi kwamba kazi ya hao watano imepata kuharibika kwa nywele zao, na ushahidi haukuwapo. Jeshi la nchi kavu la Marekani nalo, lililopiga marufuku dredi kwa kila mtu, liliwaruhusu wanawake kuanzia Januari 2017 na wanaume likawaacha palepale. Yaani huko mizani imeinama upande wa mwanamke, na Paje imeinama upande wa mwanamume, na kichwa ni kilekile. Jambo ambalo peke yake lingetosha kuwatia shaka wale wasemao kwamba wanalinda usafi.

Kisa kinachonichekesha, ingawa mwenyewe hakucheka, ni cha Chastity Jones wa mji wa Mobile, Alabama. Mwaka 2010 alikwisha kukubaliwa kazi, kisha akaambiwa akate dredi au aikose, akaikosa. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuwajibu wateja kwa simu. Tume ya serikali ya haki za kazi ilimshitakia, na mwaka 2016 mahakama ya rufaa ikasema kwamba sheria humlinda mtu kwa rangi aliyozaliwa nayo, si kwa mtindo wa nywele ambao anaweza kuubadili. California ikalazimika kutunga sheria mwezi wa Julai mwaka 2019 inayozitaja dredi na misuko kwa majina, ili jaji asipate tena nafasi ya kuuliza kama nywele zinazoota kichwani ni za mwenye kichwa.

Dini, jinsia, rangi: milango mitatu, na kila mmoja una bawabu wake. Swali la yule bibi haliupitii hata mmoja. Linamtaka mwenye kanuni aseme kwanza kanuni yake inafanya kazi gani, na akilijibu kwa haki litamzalia yeye mwenyewe maswali ya maana. Dredi hushikamana kwa kuwa nywele zinazokatika kila siku hazianguki chini bali husukwa ndani ya zile zinazoota. Kuziosha si kazi, na maji hupenya. Kazi ni kuzikausha, hasa wakati wa masika, maana zikifungwa mbichi hushika uvundo kama nguo iliyosahauliwa kapuni. Basi hoteli inayotaka usafi na imwambie mfanyakazi, awe mwanamume au mwanamke, awe na dredi au na rasta ya paketi, kwamba kichwa kisinuke. Apikaye afunge nywele zisianguke chakulani. Ashikaye mashine azikaze zisinaswe. Hayo yote ni maji kufika. Zaidi ya hayo ni uso wa msimamizi, na uso wa msimamizi hubadilika kila akija mwingine.

Wazee wa Paje wanayakumbuka mabishano mengine yanayofanana na haya. Kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza hapo na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, walikuwako waume waliosema kwamba mke hafai kushinda baharini na nguo zimemgandama, na wengine waliosema kwamba mwanamke mwenye fedha yake hatatii. Wanawake walikwenda. Kwa fedha hiyo walinunua sare za skuli na mabati, na wengine, inasemwa kwa sauti ya chini, walinunua talaka. Bibi wa binti yetu alikuwa katika wale wa kwanza kupiga vigingi. Naye alikuwa mkali kwa mjukuu wake juu ya dredi, mkali kuliko hoteli, lakini ukali wake ulikuwa na mlango.

Binti hakunyoa, na ile kazi akapewa mwingine. Nilipopita kwao mara ya mwisho ilikuwa Ijumaa asubuhi, upepo wa kusi umeanza, na kwa heshima ya nyumba nikaketi barazani, kisogo changu kikielekea uani. Nikasikia maji ya kisima yakimiminwa kutoka katika kata, mara ya kwanza, mara ya pili, na mtoto wa jirani akizihesabu kwa sauti. Baada ya kata ya tatu pakawa kimya kidogo, kimya cha mtu anayepenyeza kidole mahali akitafuta kitu.

"Yamefika," bibi akasema, na kumwamrisha mjukuu wake akakae juani.